Barua za majuu: Mnatukumbuka siku ya kongamano tu!

Wadau, mwezi huu barua za watu wa nje zimejaa kuliko kawaida na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sauti tofauti, serikali zetu zinatutaka nini hasa sisi tulioko ughaibuni, hela, akili zetu au makofi? Mimi mwenyewe nilibeba boksi, yaani kazi za nguvu za ughaibuni, miaka kumi na nne huko Ulaya kabla sijarudi Muheza kwenye michungwa ya marehemu baba, kwahiyo nikijibu hapa najibu kama mtu aliyekaa pande zote mbili za simu, nimewahi kuombwa hela na sasa hivi ndo mimi naziomba. Barua nimezipunguza kidogo, wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani.

Shikamoo Mzee wa Boksi. Niko Reading, Uingereza, mwaka wa kumi na saba huu. 2016 nilichukua pasi ya hapa kwasababu kazi niliyokuwa naomba ilitaka hivyo. Nina viwanja viwili Kibaha, kimoja nilinunua 2012 kwa jina langu, kingine 2019 kaka angu alininunulia akaandika jina lake. Sasa nasikia habari za hadhi maalumu kwa diaspora, hii ndo uraia pacha yenyewe au kitu kingine? Na viwanja vyangu vipo salama? (Dada wa Reading)

Marahaba mwanangu. Hapana, sio uraia pacha. Kwa sheria yetu ya uraia ya 1995 mtu mzima akishachukua uraia wa nchi nyingine ule wa Tanzania umeondoka hapohapo, hata kama pasi ya zamani bado ipo kwenye droo na muda wake haujaisha, na hiyo pasi usije ukaingia nayo uwanja wa ndege eti unakwepa hela ya viza, hapo unajitafutia kesi bure. Watoto ndo wana nafuu, aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anakaa nao mpaka miaka 18 alafu anachagua. Kelele za uraia pacha zimepigwa tangu enzi za Kikwete na jibu limekuwa lilelile, usalama wa nchi, uaminifu, ardhi. Wenzetu Uganda waliruhusu 2009, Kenya wakaiandika kwenye katiba yao ya 2010, Rwanda na Burundi nako ruksa, hapa mtaani kwetu walioshikilia uraia mmoja ni sisi na Kongo.

Hadhi maalumu ndo njia ya katikati ambayo serikali imeamua kupita. Yaani unatambulika kwamba wewe ni mtu mwenye asili ya hapa, unaingia na kukaa bila kuhangaika na viza kama mtalii wa Serengeti, na ndo maana Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi zote mbili ilibidi ziguswe. Ila hupigi kura, hugombei hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Na msiseme tumebuni sisi, India nao hawana uraia pacha mpaka leo lakini tangu 2005 wana kadi yao ya OCI kwa watu wenye asili ya India, mwenye nayo anaingia maisha yake yote bila viza, anafanya biashara, ananunua nyumba, isipokuwa shamba la kilimo haruhusiwi na kura hapigi. Ethiopia walitangulia, kadi yao ya njano ipo tangu 2002. Mimi binafsi ningetaka uraia pacha nasema wazi kabisa, lakini kadi inayotoka dirishani kwa wakati naichukua leo kuliko uraia pacha wa kuusubiri kwenye hotuba.

Sasa viwanja, na hapa ndo nataka ukae chini. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na njia yake inapitia mamlaka ya serikali ya uwekezaji. Kile cha 2012 ulikinunua ukiwa raia, 2016 ukabadilika wewe, karatasi haikubadilika, kwahiyo una hati yenye jina la mtu ambaye kisheria sio raia tena. Usikae kimya ukiomba Mungu asigundue mtu. Tafuta wakili wa ardhi, mpe na hati na hiyo pasi yako mpya, mwambie ukweli wote, akueleze hadhi maalumu inakufikisha wapi kwenye kiwanja hicho na kipi kinahitaji kuhamishwa. Wakili unamlipa wewe, sio anayeletwa na kaka.

Kile cha 2019 ni cha kaka yako. Samahani lakini ndo hivyo. Umetuma hela wewe, jua kali kala yeye, jina kaandika lake, siku akifa shemeji yako na wanae ndo warithi na wewe utaitwa shangazi wa Ulaya aliyekuja kudhulumu yatima. Sisemi kaka yako mwizi, nasema karatasi haina undugu. Kwanza fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue hicho kiwanja kipo kweli na kina jina gani, maana nimeshaona mtu anatumiwa picha za msingi wa nyumba miaka mitatu kumbe msingi wa jirani, kila mwezi picha imepigwa upande mwingine. Alafu kodi ya ardhi omba control number, ile namba ya kulipia serikalini, ulipe mwenyewe kutoka kwenye simu yako, risiti zikae kwako. Ukimpa mtu uwakilishi wa kisheria aandikiwe kazi maalum, kusaini hiki na kile tu, na hati hiyo isajiliwe, usimpe mtu karatasi inayosema anaweza kufanya kila kitu kwa niaba yako, hiyo ni sawa na kumpa kitanda na mlango.

Na hapa niseme la moyoni kwa wakubwa kama wananisoma. Kila mwaka tunaitwa kwenye kongamano, tunavaa kitenge, tunaambiwa njooni muwekeze, tunakula pilau, tunapiga picha. Mtu wa Reading hahitaji kongamano. Anahitaji dirisha moja la kuuliza kiwanja hiki ni cha nani akajibiwa wiki hiyohiyo bila kumjua mtu. Wizara ya mambo ya nje sasa hivi ina mfumo wa kusajili diaspora kwa mtandao, na Sera ya Mambo ya Nje iliyozinduliwa upya 2025 imewataja diaspora kwa jina, safi, lakini kusajiliwa bila kupewa huduma ni kuhesabiwa tu kama mbuzi wanaorudi zizini.

Mzee salama? Mimi kijana wa Kilifi, nafanya sekyuriti hapa Doha mwaka wa nne. Kila Januari nasikia kwa redio ati diaspora imetuma mabilioni, tunaitwa mashujaa. Lakini nikipata shida na mwajiri siskii mtu, na makato ya kutuma pesa yananimaliza. Tuna sauti gani sisi? Ama ni pesa tu? (Soja wa Doha)

Salama sana kijana. Hilo swali lako lina uchungu na una haki. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma karibu dola bilioni 4.9, miaka miwili nyuma yake ilikuwa bilioni nne na kidogo, hiyo hela imeshapita ile ya kuuza chai nje, imepita ya maua. Zaidi ya nusu inatoka Marekani ila nchi za Ghuba nazo zimepanda, Saudia peke yake iko pale juu kwenye orodha, na hiyo ya Ghuba ni hela ya watu kama wewe na ya wale akina dada wa kazi za ndani, sio ya madaktari wa Texas. Na mwanangu usidanganyike kwamba hiyo ni hela ya serikali, ni karo ya mdogo wako, dawa za mamako na mabati, serikali faida yake ni kwamba dola zinaingia nchini na shilingi inapata nguvu ya kusimama.

Makato tuyahesabu. Benki ya Dunia wanafuatilia gharama ya kutuma dola 200, na kuleta Afrika kusini mwa Sahara imekuwa kama asilimia 8 hivi, ndo eneo ghali kuliko yote duniani. Hiyo ni dola 16 zimeliwa njiani kwenye kila 200. Nchi zote zilikubaliana kwenye malengo ya maendeleo kwamba mpaka 2030 ishuke chini ya asilimia 3, yaani dola 6. Piga hesabu tofauti ya dola kumi kila mwezi, kwa miaka minne uliyokaa hapo ni dola 480, hiyo ni tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi, imeyeyuka. Umoja wa Afrika wana taasisi kabisa ya mambo haya ya hela za diaspora na makao yake yapo Nairobi kwenu. Kwahiyo serikali ikitaka kukusaidia bila kukuita mahali popote, ishughulike na hizo dola kumi. Wewe kwa sasa linganisha ada na pia rate wanayokubadilishia, maana wengine wanatangaza kutuma bure alafu wanakukata kwenye rate, na tuma mara moja kubwa kuliko mara nne ndogo kama nyumbani wanaweza kuvumilia.

Sauti ipo kidogo. Kura ya diaspora Kenya ilianza 2013 kwa nchi za jirani tu, 2022 zikafika nchi 12 na Qatar ilikuwemo, yaani Doha palikuwa na kituo. Unajua waliojiandikisha nchi zote hizo ni wangapi? Kama elfu kumi tu. Na kura yenyewe ni ya rais peke yake, hakuna mbunge wala gavana. Najua mtasema ubalozi mbali, bosi haachii off, ni kweli, lakini mwanasiasa akiangalia elfu kumi anaenda zake kuomba kura soko la Kongowea. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027, anzeni kuulizia kujiandikisha mapema. Sisi Watanzania wa nje hata hiyo ya rais hatuna, kwahiyo hapo mmetushinda.

Kuhusu mwajiri, Kenya tangu mwisho wa 2022 mna idara ya serikali ya mambo ya diaspora yenye katibu wake, ni hatua, lakini ukitaka kuona nchi iliyolichukulia jambo hili kikazi angalia Wafilipino, hapo Doha umejaa nao, waulize. Kabla hajapanda ndege lazima akae darasani aelezwe mkataba na nchi anayokwenda, kuna mfuko wao unaitwa OWWA, mchango ni dola 25 kwa mkataba, na mtu akikwama mfuko unamsaidia mpaka kurudi nyumbani, na kwa sheria ya 2021 wakaunda wizara nzima ya wafanyakazi wa nje. Sio kwamba hawateswi, wanateswa, ila Mfilipino akipata shida anajua anagonga mlango gani. Wao wanaingiza zaidi ya dola bilioni 30 kwa mwaka, na walianza na mlango huo, miaka ya sabini huko.

Pasi yako usimpe mtu akushikie, na nakala ya mkataba mtumie mtu wa nyumbani leo usiku.

Mzee wa Boksi shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu wa kijiji kimoja wilaya ya Muleba, tuko Minnesota familia kama thelathini. Tumechanga dola elfu kumi na nane tunataka kujenga zahanati kijijini. Wengine wanasema tupeleke vitanda na mashine kwa kontena kwanza. Ushauri wako? (Katibu wa kikundi)

Marahaba katibu. Kontena hapana! Subiri nikueleze yaliyonikuta. Tukiwa kule Ulaya tulipata vitanda vya hospitali ishirini na mbili, bure, hospitali moja ilikuwa inabadilisha, tukachanga nauli ya kontena kwa kuuza maandazi na kucheza muziki miezi minane. Kontena likafika bandarini likakaa. Msamaha wa kodi ulitakiwa uombwe kabla mzigo haujapakiwa, sisi tukauomba mzigo ushafika, huku gharama za kuhifadhi zinahesabika kila siku. Mpaka linatoka tulishalipa hela ambayo ingenunua vitanda vipya hapahapa nchini, na vilipofika wilayani vinne ndo vilikuwa vya umeme vinataka fundi ambaye hayupo, viliishia kufanyiwa benchi la wagonjwa kusubiria. Kosa lilikuwa letu nusu kwa nusu na huyo ofisa aliyetuambia leteni tu.

Zahanati sio jengo. Zahanati ni muuguzi, dawa, maji, choo na mtu wa kulipa mshahara, na mshahara huo analipa serikali, kwahiyo kama haipo kwenye mipango ya halmashauri mtajenga jumba zuri watakaa popo. Msianze na fundi, anzeni na mkutano mkuu wa kijiji upitishe na uandikwe kwenye muhtasari, alafu mganga mkuu wa wilaya aseme kama eneo hilo lina uhitaji au kuna zahanati nyingine kilomita tatu tu kutoka hapo, ramani mchukue ile ya serikali msichore yenu yenye kibaraza cha Kimarekani, na mkurugenzi awaandikie kwa barua kwamba watumishi wataletwa lini. Barua ikichelewa, hela ibaki Minnesota. Jengo mnaweza kukuta limeanzwa na wanakijiji likafika kwenye renta likakwama, Tanzania hii maboma ya hivyo yapo kila kata, kumalizia boma ni bei rahisi na wanakijiji wanaona ni lao.

Kuna kitu Mexico walifanya ambacho natamani kila halmashauri yetu wakisome. Watu wa jimbo la Zacatecas walikuwa wengi sana Marekani, wakawa na vilabu vya vijiji kama hicho chenu, wanachanga wanajenga barabara na visima kwao. Serikali ikasema sawa, kila dola moja mtakayotoa jimbo litaongeza moja, manispaa moja na serikali kuu moja, ikaitwa 3x1, mwaka 2002 ikawa mpango wa nchi nzima. Utamu wake sio hela tu. Kilabu kinakaa mezani na manispaa wanakubaliana mradi gani, na kwasababu hela ya serikali imo basi na hesabu lazima ziwe wazi kwa pande zote. Ulikuwa na kasoro zake, vijiji vyenye watu wengi nje ndo vilifaidi na vile maskini kabisa visivyo na mtu Marekani vikabaki vinatazama, na karibu na 2020 serikali ikaukata kwenye bajeti. Lakini kwa karibu miaka ishirini diaspora walikuwa wabia, sio wafadhili wa kupigiwa ngoma wakishuka kwenye gari. Nyie na elfu kumi na nane zenu mwulizeni mkurugenzi swali hilohilo, sisi tunaweka hii, nyie mnaweka nini? Akijibu asante sana Mungu awabariki, hajajibu.

Mzee, hivi kwanini serikali zetu zisituuzie bondi ya diaspora tukajenga wenyewe badala ya kukopa kwa Wachina? Ethiopia si wamejenga bwawa lao? (Mchumi wa jikoni, Columbus, Ohio)

Mchumi, bondi ya diaspora, yaani hatifungani ambayo serikali inakopa kwa watu wake wa nje na kuwalipa riba, ni wazo zuri ila historia yake ina pande mbili. Israel ndo babu wa mambo haya, wanauza bondi kwa Wayahudi wa nje tangu 1951 na mpaka leo wanauza. India 1998 walilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio wakawekewa vikwazo, wakageukia watu wao wa nje na kuwauzia bondi, wakapata dola bilioni 4.2, mwaka 2000 wakarudi tena wakapata bilioni 5.5. Unaona, ila riba ilikuwa nzuri na bondi zilikuwa za fedha za kigeni, tusiseme ilikuwa mapenzi ya nchi tu.

Ethiopia sasa. 2008 shirika lao la umeme liliuza bondi kwa diaspora, zikadoda. Watu wengi wa nje walikuwa hawaiamini serikali ile, wengine walikimbia kwasababu yake, utamkopeshaje mtu uliyemkimbia? 2011 wakaja na bwawa la Nile, hapo moyo ukawaka, wa ndani wakakatwa mishahara, wa nje wakanunua, na bwawa limezinduliwa Septemba 2025, sio mchezo. Ila kitu ambacho hamkuambiwa, bondi zile ziliuzwa Marekani bila kuandikishwa kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji wa huko, mwaka 2016 shirika likakubali kulipa karibu dola milioni 6.5 ili yaishe na wanunuzi warudishiwe chao. Nigeria wao wakajifunza, 2017 wakaandikisha vizuri kulekule Marekani, dola milioni 300, riba asilimia 5.625 miaka mitano, na 2022 wakalipa. Hakuna aliyelia.

Kwa mtu wa kwetu swali la kwanza bondi ni ya fedha gani. Ukinunua ya shilingi riba inaweza kuonekana tamu, lakini wewe umetoa dola na siku moja utataka dola. Wakenya waliona Januari 2024 dola moja imefika shilingi 160 alafu miezi michache tu ikarudi kwenye 130, aliyebadilisha dola zake pale juu alicheka, aliyebadilisha shilingi kwenda dola siku ileile mpaka leo hataki kuongea. Kama mipango yako ni kurudi na kula hapahapa, hatifungani za serikali za shilingi sio mbaya na unaweza kuanza na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT ya Tanzania, hela kidogo kidogo. Kama watoto wanasoma Ohio na unazeekea Ohio, mchumi, pole pole.

Na yule aliyeuliza kwa ufupi kwanini tusitozwe kodi kama Waeritrea: wao wanatozwa asilimia 2 ya kipato chao popote walipo, na usipolipa ukienda ubalozini kutafuta karatasi unakwama. Mwaka 2011 hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani jinsi kodi hiyo ilivyotumika. Mimi huo ushauri siwapi wakubwa wetu, tafadhali barua yako ichane.

Ndugu mwandishi, mimi ni Mkongomani wa Goma, niko Bruxelles. Sisi tulipiga kura 2023 kwa mara ya kwanza, lakini nikichukua karatasi za Ubelgiji napoteza za Kongo. Ni haki hii? (Msomaji)

Ndugu yangu wa Goma, ndiyo, Desemba 2023 mlipiga, nchi tano tu, Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Canada na Marekani, na ya rais peke yake. Na katiba yenu ya 2006 inasema wazi uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwahiyo mmekaribishwa mlango wa mbele na mmefungiwa wa nyuma. Nchini kwenu suala la nani ni raia limemwaga damu, hasa huko mashariki unakotoka, ndo maana halitafunguka kirahisi kwa ajili ya watu wa Matonge, mtaa wenu huko Bruxelles. Usichukue karatasi kwa haraka kabla hujaamua kuhusu nyumba na urithi wa Goma, hilo ndo naweza kukwambia.

Asalam aleikum mzee wetu. Mimi nipo Maskati, bibi yangu mzaa baba kazaliwa Ng'ambo, Unguja. Nyumbani twasema Kiswahili mpaka leo. Jee na sie ni diaspora? Nataka kufungua kijumba cha wageni Makunduchi. (Bint Unguja)

Waaleikum salam binti. Nyie mna hadithi ambayo serikali zote za huku zingeisoma. Sultan Qaboos alipochukua nchi Julai 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu, akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge. Waliotoka Zanzibar, ambao baada ya mapinduzi ya 1964 walitawanyika Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza, wengi walikuwa wamesoma na wanajua Kiingereza, wakapewa uraia, kazi na nyumba, wakaingia maofisini, hospitalini, mashuleni, kwenye mafuta, na Kiswahili kikaingia nao mpaka kwenye korido za wizara. Hakuna aliyeambiwa kwanza lete mtaji. Baadhi waliteta kwamba hawa wamekuja na Kiswahili hawajui hata Kiarabu, lakini kazi ilikuwepo na watu wakatakiwa.

Ukiuliza kama wewe ni diaspora wa Zanzibar, kwa damu ndiyo, kwa karatasi wewe ni Muomani, na utaingia kama mwekezaji. Ardhi ya Zanzibar ina sheria yake, sio hii ya bara niliyomweleza dada wa Reading, kwahiyo wakili awe wa Unguja na mamlaka yenu ya uwekezaji ni ZIPA. Na Makunduchi kabla hujaweka jiwe nenda ukakae mwezi mzima, watu wa kule wana utaratibu wao na ufukweni pana maji ya kupwa mpaka mgeni anauliza bahari imekwenda wapi.

Mzee nakuja nyumbani kabisa Desemba na Subaru yangu kutoka Toronto, nasikia anayerudi moja kwa moja halipii ushuru wa gari. Kweli? (Wa Nakuru)

Kweli lakini sio kila gari. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa anayehamisha makazi gari moja, ila uwe umelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12, na Kenya wanataka uwe umeishi nje miaka miwili. Gari likizidi miaka minane Kenya haliingii. Na kaka, umesema Toronto. Usukani uko upande gani?